Kumbukumbu ya Nani

Mke wangu alisema neno moja tukiwa tunapura maharage ya ngwara, na neno hilo likanichosha kuliko kazi yenyewe. Ulikuwa mchana. Vumbi la maganda lilikuwa limetujaa kwenye kope. Mama alikuwa upande wa pili wa turubai akipepeta, na shemeji, mke wa kaka yangu, alikuwa akiimba wimbo wa kwaya huku anarudia mstari mmoja tu anaoujua. Mke wangu alishusha fimbo yake, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Hivi sisi tumewahi kukaa?"

"Kukaa wapi?"

"Kukaa tu."

Akainua fimbo, akaendelea kupiga. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi, kwa sababu mtu anayelalamika bado ana nguvu.

Nilitaka kumjibu kwamba tunakaa kila siku, nyumba si moja? Lakini nilipotafuta siku hata moja sikuipata. Asubuhi yeye anakwenda kuchota maji, mimi naingia zizini. Mchana wote tuko shambani, na shambani tuko wengi. Jioni yeye yuko jikoni na mama, na shemeji, na watoto wa kaka, na mtoto wetu mgongoni. Mimi niko nje na wanaume. Tukiingia kulala, tunalala kweli. Nilijua namna anavyokohoa na namna anavyopanga kuni. Alichokuwa anawaza sikukijua. Nilianza kuogopa kwamba tutazeeka tukiwa kama watu wawili wanaoazimana jembe.

Wakati huo nilikuwa napeleka maziwa kwa mwalimu mmoja na mke wake, nesi wa zahanati yetu hapa Masakta. Wote wawili walitoka mkoa mwingine, wakapanga nyumba karibu na shule. Asubuhi moja niliwakuta wanafunga mkeka nyuma ya pikipiki. Nesi alikuwa na chupa ya chai na mfuko wa maandazi.

"Safari, mwalimu?"

"Basotu, ziwani. Leo ni kumbukumbu ya ndoa yetu."

"Kuna sherehe huko?"

Nesi akacheka. "Sherehe ya nini, mdogo wangu? Tunatandika mkeka, tunaangalia maji, tunarudi."

"Na wageni?"

"Wageni ndio tunaowakimbia!"

Nilirudi na dumu tupu nikitembea polepole. Sikujua kwamba jambo kama hilo lina jina. Kumbe mtu anaweza kuchukua siku yake ya ndoa na mke wake wakaenda mahali penye maji, na jambo likiwa na jina linaweza kuombewa ruhusa.

Siku yetu ilikuwa inakaribia. Tulifunga ndoa baada ya mavuno, katika mwezi uleule ambao baba alifariki mwaka wa nyuma yake. Mama alikuwa ameagiza tusubiri mwaka wa msiba upite, ukapita, tukaoana. Sasa ilikuwa miaka mitatu.

Nilipomwambia mke wangu kuhusu ziwa, hakusema ndiyo wala hapana. Lakini tangu siku ile alianza kuniuliza vitu vidogo vidogo tunapopishana. Kule kuna majani au mawe? Mtu anakaa karibu na maji au mbali? Upepo ukoje? Mimi nilikuwa nimefika Basotu mara moja tu, kununua samaki, na sikuangalia upepo. Nikamwambia kuna majani. Alifua kitenge chake cha kwenda kanisani, akakikunja, akakiweka.

Nikaenda kwa rafiki yangu wa bodaboda, niliyesoma naye shule ya msingi.

"Nataka unipeleke Basotu na mke wangu, Jumamosi ya wiki ijayo."

"Msiba?"

"Hapana."

"Mgonjwa?"

"Hapana."

"Samaki, basi."

"Tunakwenda kuangalia maji."

Alizima pikipiki ili anisikie vizuri. "Maji gani?"

"Ya ziwa."

"Wewe bwana. Kuna mganga mpya kule? Niambie tu, mimi sisemi."

"Hakuna mganga. Tutakaa, halafu utakuja kutuchukua."

"Mtakaa. Na viboko." Alicheka mpaka akaegemea tenki. "Haya, nitawapeleka. Lakini nikiulizwa nitasema samaki. Siwezi kutangaza jambo kama hilo, nina heshima yangu kijiweni."

Hapo ndipo safari ilipoanza kuwa nzito. Jioni shemeji alinisimamisha mlangoni. "Nasikia mnakwenda kwenye samaki. Mniletee waliokaushwa, wakubwa, msiniletee vile vidogo vya kulishia paka." Kesho yake jirani akaja na habari ya binti yake aliyeolewa Basotu, kwamba kuna kuku wa kumpelekea, na salamu, na akishapokea kuku tungoje majibu. Mwingine akataka pumba za ngano za ng'ombe wake, kwa kuwa tutapita karibu na mashamba makubwa. Kwetu mtu hatembei bure. Ukionekana barabarani mikono mitupu, watu wanakuhurumia na kukutafutia mzigo.

"Kuku pia?" mke wangu aliuliza.

"Kuku pia."

"Basi tutakaa watatu."

Alisema kwa utani, lakini alikaa chini kwanza ndipo akacheka.

Kazi iliyobaki ilikuwa kumwomba mama. Mtoto wetu alikuwa ameshaacha kunyonya na angeweza kubaki naye, ila lazima mama akubali, na lazima ajue tunakwenda wapi na kwa nini. Mimi si mtu wa maneno. Kwa mama ninasema machache nikiangalia chini, ndivyo tulivyolelewa. Nilijifunza sentensi yangu zizini nikiwa nakamua. Mama, tunaomba tukafanye kumbukumbu ya ndoa yetu. Mbele ya ng'ombe ilitoka vizuri kabisa.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anapepeta mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Mama, Jumamosi ya wiki ijayo, mimi na mke wangu, tunaomba tufanye kumbukumbu ya..."

Neno ndoa likakataa kutoka. Kulitamka mbele ya mama aliyenizaa, nikimaanisha kwamba nataka kwenda kukaa na mke wangu kwenye majani, ilikuwa sawa na kuvua shati mbele yake. Ungo ulikuwa umesimama hewani.

"Kumbukumbu?"

"Ndiyo mama."

"Wewe na mke wako mmeamua?"

"Ndiyo."

Aliweka ungo chini taratibu, akashika pindo la kanga akafunika macho. Nilidhani nimemuudhi.

"Kaka yako kila mwaka ananiambia mavuno yajayo," alisema. "Kila mwaka, mavuno yajayo. Nakaa kanisani nasikia wenzangu wanatangaziwa kumbukumbu za waume zao, mimi naangalia miguu yangu kama mtu aliyezika mbwa. Halafu wewe, mdogo, bila hata kukumbushwa!"

Nilifungua mdomo. Lakini mama, ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua tangu mvua za vuli, alikuwa ameshasimama na kuvuka shamba la jirani akiita. Nilimsikia akisema jina la baba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu tulipomzika.

Nieleze kwa asiyejua. Hapa kwetu ukisema kumbukumbu bila kuongeza kitu, umesema marehemu. Ni ibada ya kumkumbuka mtu aliyekufa, na watu wanakuja, wanaimba, wanakwenda kaburini, wanarudi kula. Kumbukumbu ya mtu aliye hai haijulikani. Mwalimu na nesi walikuwa na maana yao ya huko walikotoka, na mimi niliibeba ile maana nusu, nikaiacha nusu nyingine kooni.

Kabla ya mchana mwinjilisti alifika kwa baiskeli. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Hongera kijana. Umemheshimu baba yako. Ibada tuiweke asubuhi, kabla jua halijawa kali?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yake, ananitazama.

"Asubuhi ni sawa," nilisema.

Mke wangu nilimkuta kisimani, anasubiri zamu. Nilimvuta pembeni nikamweleza. Mwanzoni alicheka. Alicheka mpaka akageuza ndoo akaikalia, wanawake wengine wakaanza kututazama. Kisha kicheko kikaisha ghafla, kama mtu aliyefunga bomba.

"Sasa?"

"Nitamwambia jioni. Nitamwambia alinielewa vibaya."

"Utamwambiaje? Kwamba baba ulimsahau, ukanikumbuka mimi?"

Nikatazama njia ya nyumbani.

"Umeona alivyokuwa anatembea?" aliniuliza. "Alipita hapa. Hakushika hata kiuno."

"Lakini siku ni yako."

"Najua ni yangu. Ndiyo maana nasema mwache." Aliinuka, akageuza ndoo. "Tutahitaji sufuria kubwa za kanisani. Umwombe mwinjilisti kabla hajaondoka. Na magunia ya mkaa, kuni peke yake hazitatosha."

Zamu yake ikafika, akainama kuchota. Nilisimama pale nikiona mgongo wake. Mpaka leo nikifikiria kitu kizito, sifikirii magunia. Nafikiria alivyouliza habari za majani na upepo, kisha akaanza kuuliza habari za sufuria.

Wiki ile ilipita kama tunasukuma gari lililozimika. Kaka alipigiwa simu, akaja kutoka mjini na kondoo, akaniita pembeni na kuniuliza kwa nini nimemwaibisha kwa mama. Shemeji alisahau samaki wake. Jirani alimleta yule kuku wa binti yake akasema basi, achinjwe, ni wa marehemu.

Siku yenyewe mke wangu aliamka kabla ya jogoo. Watu walianza kuingia ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba. Tuliimba, tukaenda kaburini, mwinjilisti akasema mambo mazuri kuhusu baba, mengine ya kweli. Mama alisimama katikati ya wajane wenzake akiwa amenyoosha shingo. Sikuwahi kumwona mrefu hivyo. Nilimtafuta mke wangu kwa macho, nikamwona kule jikoni kwenye moshi, amefunga kitenge kile kile alichokifua, na ameshakichafua kwa masizi.

Tuliporudi kutoka kaburini, wanawake wakiwa bado wanamalizia wimbo wa kuzika, ndipo mwalimu na nesi walipofika. Mtu aliwaambia kwamba nyumbani kwetu kuna kumbukumbu, na wao walikuwa na maana yao. Nesi alivaa gauni la njano. Mwalimu alivaa shati la kitambaa hicho hicho. Alibeba zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa na utepe.

"Hongereni!" nesi alipaza sauti toka getini. "Hongereni sana jamani!"

Wimbo ukafa. Alikwenda moja kwa moja akamkumbatia mke wangu, mwiko ukiwa bado mkononi.

"Mwaka wa ngapi sasa?"

Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yao anamenya vitunguu akajibu, "Wa nne tangu tumzike."

Nesi alimtazama mke wangu. Akamtazama mume wake. "Tumzike nani?" aliuliza polepole.

"Baba mkwe," mke wangu alisema. "Karibuni dada. Kaeni, chai ipo."

Mwalimu alikuwa amesimama na zawadi yake kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ashike. Mama akaja, akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kuiweka mezani mbele ya picha ya baba. Ilikaa pale mpaka mwisho, ikimeremeta. Rafiki yangu wa bodaboda, aliyekuwa analeta kuni, alipita karibu na sikio langu.

"Haya ndiyo maji mliyokwenda kuangalia?"

Sikucheka. Nilitazama jikoni, mke wangu alikuwa anacheka, mwiko umemfunika mdomo. Lakini alikuwa ameegemea nguzo, na nilijua kwamba bila nguzo ile angeanguka.

Watu walipoondoka zilibaki sufuria. Nilikunja suruali nikachukua majivu na gunzi, nikaanza kusugua pamoja naye. Shemeji akapiga kelele, "Jamani njooni mwone, nimepata mke mwenza, ana ndevu!" Watoto wakaja kutazama. Mke wangu hakugeuka. Alikuwa anasugua sufuria moja mahali pamoja, mahali palipokwisha kuwa peupe, na macho yake yalikuwa yanafumba yenyewe.

Kesho yake asubuhi punda hakuwepo.

Alikuwa amebeba maji wiki nzima kwa ajili ya wageni, na katika vurugu ya kurudisha vyombo vya watu hakuna aliyemfunga. Kamba ilikuwa pale, punda hakuna. Mama alisimama zizini akashika kichwa.

"Nendeni wote wawili," alisema. "Yule hashikiki na mwanamume, anamjua mama mtoto tu. Mtoto niachieni, nitakwenda naye kanisani. Nendeni upande wa Getanuwas, kule kuna mabua, tumbo lake litakuwa limempeleka huko."

"Mama, vyombo vya kanisani bado," mke wangu alisema.

"Vyombo vina miguu? Punda ndiye mwenye miguu. Nendeni."

Tukatoka. Nilibeba kamba, yeye, bado amevaa kile kitenge cha masizi, alibeba mahindi ya kuchemsha kwenye kitambaa. Hakuna aliyetuagiza kitu, maana hakuna aliyejua tutafika wapi. Kwa desturi mwanamume anatangulia, na nilitangulia mpaka nyumba za mwisho. Baada ya hapo njia ilikuwa pana na hapakuwa na mtu, nikapunguza mwendo mpaka akanifikia. Miguu ilikuwa mizito. Mlima Hanang ulikuwa na wingu shingoni, na upepo ulivuma kwenye mabua ukatoa sauti kavu kama mtu anayekunja gazeti.

Tulimkuta mchungaji mmoja na ng'ombe wake, amesimama kwa mguu mmoja, mwingine umeegemea goti.

"Umeona punda? Wa kijivu?"

Akanyoosha fimbo kuelekea korongoni.

Punda alikuwa pale. Jua lilikuwa bado halijapanda juu. Alikuwa anakula majani pembeni ya kidimbwi kilichobaki tangu masika, maji yake ya udongo, na alipotusikia aliinua sikio moja akalishusha. Nilifungua kamba.

"Unaharakisha nini?" mke wangu alisema.

"Si tumempata?"

"Nani amempata? Mimi sijaona punda."

Alivua ndala zake. Alizipanga vizuri, moja kando ya nyingine, akakaa kwenye majani kuangalia kidimbwi. Nilisimama na kamba mkononi nikimtazama yeye, nikamtazama punda, kisha nikaelewa, nikakaa.

Tulikula mahindi. Aliniambia kwamba ameota meno yake yanatoka. Akaniambia hapendi namna shemeji anavyopika mboga, mafuta mengi. Kisha, bila kunitazama, akaniambia kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa alifunga nguo zake mara moja kwenye kanga ili arudi kwao, akafika mpaka kisimani, akakuta foleni, akaona aibu kupita mbele ya watu na furushi, akarudi.

"Sikujua," nilisema.

"Ungejuaje? Ulikuwa unakamua."

Nilitaka kumuuliza kama bado anafikiria hivyo. Nilikuwa natafuta namna ya kuanza, nilipoona kichwa chake kimelala begani kwangu, kisha kikateleza, akajilaza kabisa kwenye majani, mkono chini ya shavu.

Mwanamke mmoja alipita juu ya korongo na mzigo wa kuni kichwani, wa rika la mama.

"Shikamoo," nilisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Mnatafuta nini nyie?"

"Punda, mama."

Akageuka kwa shida chini ya mzigo. "Si huyo hapo?"

"Siyo huyu," mke wangu alijibu, macho yamefumba. "Wetu ni mweusi."

Yule mama alimtazama punda, akatutazama sisi, akatazama ndala zilizopangwa. Akaguna kitu kwa kilugha, akaenda zake, na mabega yake yalikuwa yanatikisika chini ya kuni.

Jua likapanda. Mke wangu alilala kama mtu aliyetupwa, mdomo wazi kidogo, masizi ya jana bado kwenye kucha. Nami usingizi ulikuwa unanivuta, lakini punda alikuwa amemaliza majani ya pale na ameanza kusogea, hatua baada ya hatua, kufuata korongo. Kama angepotea tena ingebidi nimwamshe, kwa kuwa hashikiki na mwanamume. Nikainuka bila kutikisa majani. Nikamfuata kwa mbali, nikitembea kinyumenyume pale njia iliporuhusu, ili kile kitenge nisikikose machoni.